Picha ya Bi Zuhura Iliyoegemea Kulia

Siku yangu ya kwanza katika studio ya Kariakoo, miaka ile ya hamsini, Fundi Mkuu hakunishikisha kamera. Alinionyesha tu kioo chake cha nyuma, ambamo mteja huonekana kichwa chini miguu juu. Alikuwa amekichora mistari miwili ya penseli, ya kusimama.

"Mtu asikae katikati kama msumari ukutani," alisema. "Mweke kwenye mstari, na upande anaotazama mwachie nafasi."

Nikaihesabu mara mbili. Ilikuwa miwili kweli.

Wateja walilalamika kwamba wamelipia karatasi nzima wakapewa pembe. Nikawaambia nafasi ile ni nyongeza, wengine walikubali.

Bi Zuhura, mshonaji wa Msimbazi, hakubishana. Picha ilikuwa ya kumpelekea mchumba wake aliyekuwa kazini Lindi. Nilimweka kulia, uso ukielekea kushoto, na mbele yake pazia tupu. Nilijisifu.

Baada ya wiki kadhaa mchumba akaingia studio na picha mkononi, Bi Zuhura nyuma yake, macho mekundu. Siku zile waliogombana walikata picha yao kwa mkasi, kila mmoja akachukua upande wake. Bwana yule aliona bega la mchumba wake limekaribia ukingo wa kulia, akaamini pale palikuwa na mwanamume. Alikuja kuvunja uchumba.

Fundi Mkuu akaleta negativu, ile filamu inayogeuza weusi kuwa weupe, akaiinua dirishani.

"Hii haijaguswa na mkasi, bwana. Hesabu kingo."

Akahesabu nne. Nami nikahesabu, kwa usalama. Lakini bwana yule bado alinuna. Sasa mchumba wake alikuwa akimtazama nani kule pembeni?

Nikadakia, "Alikuwa anatazama Lindi."

"Mwongo huyu," Bi Zuhura akasema. "Nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Cherehani nilikuwa nimeiacha kwa jirani, na jirani yule namjua."

Mchumba akacheka mpaka akakaa. Uongo wangu mtamu haukumfaa kitu. Cherehani ndiyo aliyoiamini.

Nimestaafu nikiwa bado mtu wa mistari miwili, ila nilijifunza kuuliza kwanza picha inakwenda kwa nani. Harusi yao niliipiga picha mimi. Bibi harusi aliagiza wakae katikati kabisa, akanisimamia nikipima kulia na kushoto kwa rula. Nilipima mara mbili. Yeye akapima ya tatu.