Kitambaa Nilichomfunga Véro

Siku moja kabla ya mambo kuharibika, nilikuwa nachuja munkoyo nyuma ya nyumba. Ni kinywaji chetu cha mahindi na mizizi. Nilikuwa nakiuza pale Annexe, mtaa wa pembezoni mwa mji wetu, kando ya barabara ya Kasenga. Ilikuwa Aprili 1997, mvua zinaelekea kuisha. Binti yangu Véro, mwenye miaka kumi na tisa, alinishikia chujio, lakini mwili wake haukutulia. Radio ya jirani ilikuwa inapiga ndombolo, na mwaka ule ndombolo iliwaingia hata watu wa kanisa.

"Shika chujio, acha kiuno," nikamwambia.

"Mama, mikono njo inatumika. Kiuno iko bure, acha icheze."

Nilitaka kucheka. Sikucheka. Mimi si mama wa kuchekacheka.

Vita tulikuwa tunaisikia kwa mbali tangu mwaka uliotangulia. Waasi walitoka mashariki, wakachukua mji huu, kisha ule. Watu walituambia: wakifika, fungeni kitambaa cheupe kichwani, shikeni majani mabichi, wajue mnawapokea. Serikali ya zamani ilikuwa imetuchosha. Askari wake hawakulipwa, wakawa wanakula kwa raia. Kwa hiyo waasi tuliwangoja kama wageni.

Kesho yake asubuhi jirani yangu Mama Asha, Mwislamu wa Maniema, muuza vitenge, akaja mbio.

"Mama Véro, baliisha kuingia. Radio imesema."

Ilikuwa kweli. Waliingia upande mwingine wa mji. Upande wetu ulikuwa bado na askari wa zamani, na hao walikuwa wanatafuta njia ya kukimbia. Hilo hatukulijua.

Nilitoa shuka langu jeupe la arusi, nikalichana vipande. Véro akapiga magoti mbele yangu.

"Funga nguvu, mama. Isianguke wakati niko nacheza."

"Weye utacheza mbele ya basoda, batu ya bunduki?"

"Batu bametoka mbali na miguu. Bacheke kidogo."

Nikamfunga. Mafundo mawili.

Lori likatokea saa tano. Watu waliokuwa juu yake walivaa mashati ya raia, bila kofia za jeshi. Tukasema ni wao. Tukapiga vigelegele, tukapunga majani.

Véro alitangulia. Alicheza.

Lori likasimama.

Mmoja akauliza tunamngoja nani. Aliuliza kwa Lingala. Lingala ilikuwa lugha ya jeshi la zamani. Waasi walikuwa watu wa Kiswahili.

Nikamwita mwanangu.

Vigelegele vilikuwa havijaisha. Hakunisikia.

Walipiga risasi kwa muda mfupi tu, kisha wakaondoka. Tuliokuwa tumelala chini tukaanza kuinuka, mmoja mmoja.

Véro hakuinuka.

Kitambaa kilikuwa bado kichwani. Mafundo yangu yalishika.

Kwetu mtu akifa, wanawake wanalala kwenye mikeka ndani ya lupango, uwanja wa nyumba yake, wanaume wanakoka moto, watu wanaimba na kulia kwa siku kadhaa. Véro hakupata hayo. Askari walikuwa wanapora nyumba za avenue ya pili, na sauti ingewaleta kwetu. Tulimzika jioni ileile pembeni ya shamba la mahindi, wanaume wanne na mimi. Hakuna aliyeimba. Baba yake alikuwa ameshakufa zamani, na siku ile nilisema heri yake.

Kisha waasi wenyewe walipita, watu wakawapokea na majani. Mwezi uliofuata nchi ikabadili jina. Tulilala Zaire, tukaamka Congo. Vijana walicheza barabarani. Mimi nilirudi kwenye munkoyo wangu. Nilikuwa sijatoa hata chozi. Watu walisema Mama Véro ana moyo wa jiwe, nikawaacha waseme.

Mwanzo wa Septemba, Mama Asha alitoa televisheni yake nje ili avenue nzima ione. Yule binti wa kifalme wa Waingereza alikuwa amekufa kwa ajali ya gari kule Paris, na dunia yote ilikuwa inaangalia mazishi. Sijawahi kuona maua mengi vile. Watu walisimama pande zote za barabara, wanamlilia mtu ambaye wengi wao hawakupata hata kumsalimia.

Walisimama kando ya barabara, kama sisi. Na jeneza lilipita polepole, kila mtu alione.

Nikaanza kulia, nikashindwa kuacha.

Mwanamke mmoja nyuma yangu akanicheka. "Angalia huyu. Mutoto yake hakumulilia, analilia Muzungu."

Mama Asha akageuka, akamtazama mpaka yule mwanamke akainamisha kichwa. Kisha Mama Asha akainuka, akazima televisheni, jeneza halijafika hata kanisani. Hakuna aliyenung'unika.

"Mulete mikeka," akasema. "Kuko kilio hapa, tangu mwezi wa ine."

Waliileta. Wanaume wakakoka moto. Tulikaa siku tatu. Mama Asha alikuwa anainuka kuswali, halafu anarudi palepale kando yangu. Tuliimba nyimbo zote ambazo Véro alistahili kuimbiwa Aprili.

Mjukuu wangu, mtoto wa mdogo wake Véro, anafundishwa shuleni kwamba mwaka ule utawala wa miaka mingi ulianguka. Ni kweli, na sitamfundisha vingine. Kilichoanguka kilistahili kuanguka. Lakini vita nyingine ilifuata upesi, na mwanangu hayupo aone kama tulipata faida au hasara. Mwenyewe bado sijui.

Siku ya mwisho ya kilio kila mama alikuwa na neno lake. Mmoja alisema Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Mwingine alisema wale askari ni wanyama. Mwingine alisema radio ilitudanganya, na radio haikudanganya. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba halikuwa kosa langu kumfunga kile kitambaa. Nawashukuru mpaka leo. Wangeniambia, nisingewaamini tena hata kwa hayo mengine.