Hodi ya Ubavu wa Bara

Wadau, hodi niliyoisikia siku ile ilitoka mahali pasipo na pa kukanyaga.

Tena si usiku. Ilikuwa alasiri, jua linawaka, tuko ndani ya meli na chini yetu ni maji matupu.

Naitwa Aika. Nilikuwa mwalimu Kibiti, na mume wangu Urbano alikuwa bwana misitu. Ni ile miaka ya ruksa, matajiri wameanza kuingiza vyombo vyao, ikaja meli ya abiria yenye vyumba vya kulala, kila chumba na kibaraza chake juu ya maji. Urbano alikuwa amehamishiwa Mtwara na mvua imeshaikata barabara. Tukasema tujipe raha.

Tiketi alikuwa anakata Mwanahawa, mama wa Maparoni, kisiwa cha delta ya Rufiji.

"Mnataka ubavu gani? Wa bara au wa bahari?"

"Bahari," Urbano akadakia.

"Bara," nikasema mimi.

Mwanahawa akanitazama. "Mwalimu, alasiri jua lote linapiga ubavu wa bara. Mtaiva humo."

"Tutaiva."

Urbano akatoka nje kuvuta sigara. Mwanahawa akashusha sauti.

"Mwanangu, meli inapita mbele ya delta. Pale yupo mtu wa mumeo. Sisi wa kule, aliyekufa maji bila kuwekewa matanga hatumwelekezei uso."

Nilijua. Ndiyo maana nilitaka.

Mke wa kwanza wa Urbano aliitwa Zabibu. Boti aliyopanda bandari ya Nyamisati ilipinduka humo delta, mwili haukuonekana. Ndugu zake walipotaka kuweka matanga, Urbano alikataa katakata. Mke wangu atarudi, alisema. Akanioa mimi, na matanga bado.

Wanawake wenzangu mtanielewa. Kitandani, upande wa ukutani ulikuwa hauguswi. Urbano analala katikati, mimi nimening'inia ukingoni kama nguo kambani. Asubuhi upande ule mtupu unakuta shuka ina unyevu na inanuka matope ya mikoko. Nilikuwa naianika, nauchuna.

Sasa nilitaka yeye na Zabibu watazamane, nijue moja. Naenda Mtwara na mume, au naenda na mgane?

Mikoko ikaanza kuonekana, mstari mweusi kwa mbali. Urbano akavuta pazia la mlango wa kibaraza, akajilaza, akanipa mgongo.

"Hodi."

Sauti ya kike, ya taratibu. Ilitoka nje, kibarazani, ambako hakuna njia ya mtu kufika.

Urbano akakurupuka. "Usiitike."

Watu wa delta hukanywa tangu utotoni kwamba hodi isiyo na njia haiitikiwi. Mimi wa Marangu nililelewa kwamba mgeni haachwi nje. Ulimi ukanitangulia.

"Karibu."

Upepo ulikuwepo, lakini pazia likatulia tuli. Ile harufu ya matope ikajaa chumbani. Urbano akapiga magoti.

"Zabibu. Nilijua utanirudia."

"Sikukujia wewe," sauti ikasema. "Nimemjia mwenye nyumba."

Jamani, mwenye nyumba ni mimi.

"Dada, nisamehe. Nimelala kwako bila hodi, wala sikupenda. Kila nikianza safari huyu ananiita, kila nikikaribia wenzangu ananivuta. Nimechoka. Mwambie aniachie."

Nilipanda meli ile nimejifunga kibwebwe kupigania mume. Kumbe mwenzangu alikuwa mateka. Nililia, na ilikuwa huruma zaidi ya woga.

"Urbano, mwachie."

"Siwezi."

"Basi tutaishi hivi hivi watatu, mpaka na mimi nife. Na mimi utanishika hivyo hivyo?"

Akainuka pale sakafuni, akafungua pazia. Hapakuwa na mtu. Akashika vyuma vya kibaraza, akaikabili mikoko, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba:

"Mke wangu Zabibu binti Mfaume amefariki. Alikufa maji. Nenda, mama. Nenda na radhi yangu."

Halafu akaangua kilio ambacho sijapata kukisikia kwa mwanaume.

Mlango wetu ukasukumwa. Wakaingia akina mama wa vyumba vya jirani, wala hawakuuliza nani kafa. Wakajifunika kanga, wakakaa chini, wakalia naye. Yale matanga aliyoyakataa yakakaliwa humo humo melini, na joto lote lile.

Jua lilipopoa, wale mama wakaondoka mmoja mmoja. Harufu ya matope ilikuwa imekwisha. Urbano akanigeukia, macho mekundu.

"Aika, umekula?"

Tangu anioe, hakuwahi kuniuliza.

Huwa tunalalamika kwamba wafu wanatuandama. Wengine ni sisi tumewashika miguu. Kama una mtu wako aliyetangulia, mlilie, tamka kwamba amekufa, mpe ruhusa aende. Humo ndani kwako yupo aliye hai, anasubiri aulizwe kama amekula.