Tembo wa Tabora

Mimi ni mtu wa Tabora, na sarafu ninayoisimulia pia ni ya Tabora. Wajerumani waliigonga kwenye karakana ya reli wakati wa vita, ya dhahabu, upande mmoja tembo ameinua mkonga mbele ya mlima. Nilikuwa na sarafu zao nyingine za dhahabu, zenye sura ya kaisari na masharubu yake, lakini hizo zilitoka kwao. Tembo alikuwa wa kwetu. Pengine babu wa babu yangu alichochea moto wa karakana ile.

Aliyenifundisha kukusanya ni sonara wa mtaa wa Rosettenville, huku ugenini kusini ninakoishi, Mkongo wa Lubumbashi, ninayesali naye. Damu zetu ziliendana. Kila Jumamosi nikishafunga duka langu la ushonaji mtaa wa La Rochelle nilimpelekea kisanduku cha sarafu, tukanawa mikono, tukatandika kitambaa. Siku ya kwanza alinikaripia: sarafu hushikwa ukingoni, uso hauguswi, na haisuguliwi kamwe, maana ule ukungu wa miaka ndio cheti chake cha kuzaliwa.

Binti yake alipokaribia kuolewa, sonara aliniomba tembo kwa wiki moja, awaonyeshe wakwe kwamba msichana hatoki kwa watu hovyohovyo. Nilimpa bila kufikiri mara mbili.

Jumapili picha za harusi zikaingia kwenye grupu la kanisa. Tembo alikuwa shingoni mwa bibi harusi, ananing'inia kwenye mkufu, anang'aa kama sufuria mpya. Mke wangu akasema binti kapendeza.

Sarafu ilirudi ndani ya karatasi laini. Kipete cha kutundikia mkufu kilikuwa kimekatwa, ukingo umepigwa tupa, na juu ya kichwa cha tembo palibaki kovu la kuchomelewa. Ukungu wote ulikuwa umekwenda. Na sonara alinikabidhi akiwa ameishika ukingoni! Nilimwonyesha kovu. Nilitaka aseme tu kwamba amekosa.

“Ndugu yangu, si ni ile ile yako?” akasema. “Mutoto alikuwa na siku moya tu.”

Angekuwa mtu asiyejua, ningesamehe. Huyu alijua kuliko mimi, na bado akawasha moto. Alinisaliti, sina neno jingine, na hadi leo akinisalimia kanisani nafungua kitabu cha nyimbo.

Jumamosi sasa naketi dukani peke yangu. Tembo namshika kwa kiganja kizima, vidole usoni, na jasho langu juu yake. Hakuna tena cha kuchunga.