Kiti Alichokipenda Meneja

Fundi makochi alikuwa na paka jike, mweupe, masikio yamepauka rangi ya waridi. Kila karakana ilipofunguliwa alitangulia yeye, akapita kati ya mbao na marobota ya vitambaa, akanusa kazi ya jana, kisha akachagua mahali pa kukaa na kumtazama fundi akitoa jasho. Mke wa fundi akampa jina Meneja, na jina likamkaa.

Basi Meneja akaanza kujikuna. Mwanzoni fundi hakujali, nani asiyewashwa? Lakini manyoya yakapukutika karibu na mkia, ngozi ikabaki wazi, nyekundu, yenye vipele. Fundi akampekua, akaona kiroboto akiruka.

"Ni mmoja tu," akamwambia mkewe.

"Uliyemwona wewe ni mmoja. Waliokuona wewe je?" mke akajibu, huku akijikuna kifundo cha mguu.

Fundi akachungulia nje ya mlango. Habari ikitoka nje, nani atamletea kochi fundi mwenye viroboto? Akanong'ona na jirani yake, fundi viatu, naye akamletea chupa. "Hii nilimpaka mbwa wangu. Mpaka leo kiroboto akimwona anabadilisha njia."

Fundi akampaka Meneja mgongo mzima. Haikuchukua muda paka akaanza kutetemeka, mate yanamdondoka, mgongo umewiva kama umemwagiwa maji ya moto. Mke alimzoa kwenye taulo, wakatoka mbio na kuacha mlango wa karakana wazi.

Daktari wa mifugo alikuwa mama mwenye mikono ya upole na ulimi usiopepesa maneno. "Dawa ya mbwa kwa paka ni sumu, baba! Nani kakudanganya?" Akamchukua ndani, akamwosha kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, akamchoma sindano. Fundi alibaki kwenye benchi, viganja vyake amevikalia kama mtu anayevionea aibu. Mkewe, ambaye njia nzima alikuwa akiandaa maneno makali, alimtazama, akaketi kando yake.

Mwishowe daktari akatoka akijifuta mikono. "Ametulia. Atapona. Leo alale hapa."

Fundi akavitoa viganja vyake, akamshika daktari mkono kwa yote miwili.

Walipokwenda kumchukua, daktari aliwaeleza vizuri. Ngozi ya Meneja haipatani na mate ya kiroboto: akiumwa na mmoja tu, anawashwa siku nyingi. Ngozi ikishapona, atatiwa matone ya dawa ya paka. Kwa sasa achanwe kila siku kwa kitana chenye meno ya kubanana, na kitana kichovywe kwenye maji ya sabuni ili viroboto wafie humo.

"Lakini hao wa mgongoni ni wachache," akasema. "Mayai na watoto wao wako anapolala. Huwa analala wapi?"

Mume na mke wakatazamana. Kiti cha mwalimu!

Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa amekileta kiti chake cha uvivu kibadilishwe kitambaa, na fundi kila siku alikuwa akisema kesho. Meneja akakifanya kitanda. Fundi alikitoa uani, akakipindua na kupasua kitambaa cha chini. Humo alikuta manyoya mafupi ya kahawia, na punje nyeusi zimejaa kwenye mishono. Mke akaweka chache kwenye kitambaa chenye maji. Zikatoa wekundu wa damu, kumbe ni kinyesi cha viroboto. Fundi alipojitazama, viroboto walikuwa wanapanda soksi zake.

Sponji ikachomwa moto. Fremu ikasuguliwa na kuanikwa juani, matandiko yote ya nyumbani yakafuliwa kwa maji ya moto, karakana ikafagiliwa mpaka kwenye pembe zilizosahaulika. Ikabaki kumwambia mwenye kiti.

Mwalimu alipoitwa akaja, fundi alikohoa, akajipangusa paji la uso. "Mwalimu, sponji ya zamani nimelazimika kuitoa yote. Ilikuwa... unajua..."

"Ilikuwa na viroboto," mwalimu akamalizia, macho chini. "Mbwa wangu alikuwa akilala humo. Niliogopa ukijua utakikataa. Siku hizi nikipita huku navuka barabara usinione."

"Na mimi nilikuwa nikikuona najificha nyuma ya kabati! Nilidhani viroboto wangu nimewatia kwenye kiti chako!"

Wakacheka mpaka mke wa fundi akaja kuangalia kuna nini. Alipoelezwa, akashika kiuno: "Watu wazima wawili!" Mwalimu akaomba amwone mgonjwa. Akainama mbele ya Meneja, akasema kwa sauti ya darasani, "Tafadhali nisamehe." Meneja akampa mgongo, ule ule wenye upara.

Jioni ziliendelea hivyo, fundi kizingitini na kitana na bakuli la sabuni. Vipele vikakauka, manyoya membamba yakachomoza kama ukungu. Kisha ikafika jioni kitana kikapita kutoka shingoni mpaka mkiani, kikarudi na manyoya meupe peke yake. Fundi akakirudisha tena, na tena.

"Kuna nini?" mke akauliza kutoka ndani.

"Hakuna kitu," fundi akajibu, akamwaga maji ya bakuli uani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akanyoosha miguu yake bila kuitazama kama imepandwa na kiroboto.