Barua ya Binti wa Fukusi

Ukitoka chuo kikuu kwa geti la nyuma na kuvuka barabara, utaona chumba chenye mlango wa bluu. Ndani mna kompyuta mbili, printa moja yenye maringo na kalenda ya ukutani iliyochorwachorwa kwa wino mwekundu. Mwenye chumba ni mama wa makamo aliyeishia darasa la saba. Jina alilopewa na wazazi wanalijua ndugu zake na Mungu wake; wanafunzi humwita Mama Kopi, naye huitika vizuri tu.

Kalenda ile ndiyo iliyomjengea sifa. Kwa miaka kumi na minane amechapa maombi ya watu wanaotafuta fedha za masomo na utafiti, mpaka akajua kwamba mifuko ya ufadhili ina majira yake kama mvua. Machi hufunguka ule wa wasanii, unaompa mchoraji au mchongaji chumba na miezi mitatu ya kufanya kazi yake bila kuwaza kodi wala chakula. Mei ni wa watafiti wa shahada ya pili. Mwanafunzi akiingia uso umemshuka, Mama Kopi humwuliza, "Unasoma nini, mwanangu?"

"Udongo, mama."

"Wa kulima au wa kufinyanga?"

Akishajibiwa, humwonyesha mwezi wake kwa ncha ya kalamu na kumwambia aanze kukusanya vyeti mapema.

Jambo moja hakulifanya kamwe: kutoa nje ya mlango ule neno alilolisoma ndani. Barua za watu kwake zilikuwa amana. Alichapa, akakabidhi, akafuta.

Mwaka mmoja, aliyekuwa haishi kuingia ni binti mmoja mwembamba aliyetafiti fukusi, wale wadudu wanaotoboa maharage ghalani. Chini ya kitanda chake bwenini alifuga chupa arobaini za wadudu, akijaribu majani ya porini yanayowafukuza, mpaka mwenzake wa chumba akahama na godoro lake. Wakamwita Binti wa Fukusi. Alichokitaka ni mwaka mmoja wa kuyajaribu majani yake kwenye maghala ya wakulima wenyewe, na fedha za kufanyia hivyo hakuwa nazo.

"Nikiikosa hii ya Mei, chuo kinanifungia jalada," alisema akipanga vyeti mezani. "Narudi kuuza sabuni na shangazi. Shangazi ameshanitengea meza."

Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa barua ya mapendekezo kutoka kwa Profesa wake. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa.

Jumatano asubuhi Profesa akaja mwenyewe, mzee mrefu anayeogopwa na darasa zima, na ambaye hadi leo huandika kwa mkono. Akaweka karatasi mezani. "Nichapie hii, mama. Nitapita saa kumi kutia saini."

Mama Kopi akaisoma. Mistari minne. Ilisema binti huyu ana heshima, ametoka familia nzuri, hajapata kujibizana na mwalimu wala kuchelewa kipindi, na anapendekezwa kwa moyo wote. Basi.

Akairudia. Mzee hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Kwetu ukitaka kumsifu mtoto wa mwenzio unaanza na tabia, na mara nyingi unaishia hapohapo. Lakini fukusi hawakuwamo, wala chupa, wala majani.

Na Mama Kopi alishawahi kuona mwisho wa barua kama ile. Mwaka juzi mchoraji mmoja, kijana wa madevu na makelele, alipeleka ya namna hiyo kwenye mfuko wa wasanii. Majibu aliyachapisha hapahapa, akapanda juu ya benchi na kuwasomea wote waliokuwa kwenye foleni: "Tumeelewa kuwa mwombaji ni mtu mwema. Hatukuelewa anachora nini." Akacheka mpaka akakohoa. "Mmesikia? Mimi malaika! Ila malaika hapewi chumba."

Sasa afanyeje? Akimwambia binti, amevunja amana. Akinyamaza, ile meza ya sabuni inamngoja mtoto wa watu. Akiibadili mwenyewe, huo ni uongo uliotiwa saini ya mtu mwingine. Adhuhuri akafunga mlango, akapiga magoti kati ya printa na maboksi ya karatasi, akaomba apewe maneno yasiyomvunjia mtu heshima.

Saa kumi Profesa akaingia. "Tayari?"

"Bado, Mwalimu. Karibu ukae."

"Nikae? Barua ya mistari minne, mama!"

"Hiyo minne ndiyo inayonisumbua," akasema polepole. "Nisamehe. Wewe ni profesa, mimi darasa la saba."

"Umeona makosa?"

"Kosa hamna. Nimeona binti mwenye adabu zake. Ila hawa wenye fedha hawatafuti mkwe, Mwalimu."

Profesa akavua miwani.

"Nimeulizwa kama namjua," mzee akasema. "Namjua."

"Basi nieleze na mimi nisiyejua. Hao wadudu wake wana maana gani?"

"Maana?" Profesa akavuta benchi, akakaa. "Unajua mtoto yule alinifanya nini? Mwaka jana nilimwambia mbele ya darasa zima kwamba hesabu zake si sahihi, majani yale hayawezi kuzuia fukusi. Hakunijibu neno. Akaenda akarudia jaribio lote, chupa arobaini, wiki kumi na moja, kisha akaniletea daftari. Aliyekosea ni mimi! Miaka thelathini nafundisha, hajatokea wa kunirudisha shule kimyakimya namna ile. Hata maharage ya nyumbani tunayawekea majani yake, kamwulize mke wangu."

Akaendelea hivyo huku mikono ikipaa, wala hakuona vidole vya Mama Kopi vikikimbia kwenye kompyuta. Alipotua kupumua, printa ikatoa ukurasa mzima.

"Nini hiki?"

"Ni wewe, Mwalimu. Sijaongeza kitu. Futa usichokitaka."

Akasoma. Akamkata mke wake kwa kalamu. Kwenye "aliyekosea ni mimi" kalamu ikasimama muda mrefu, Mama Kopi akajua hiyo nayo imekwenda. Profesa akaiacha.

"Chapa upya," akasema. "Na ile ya heshima irudishe. Ni kweli anayo."

"Nitaiweka mwishoni, Mwalimu."

Agosti, Binti wa Fukusi akaingia mbio, simu mkononi, anataka barua ya majibu ichapwe. "Wamenipa, mama! Wanasema barua ya Profesa ndiyo iliyowaonyesha kazi yangu. Na mimi nilidhani hata zile chupa hazikumbuki! Huyu mzee aliandika nini?"

"Kamwulize mwenyewe," akasema Mama Kopi, akimshukuru Mungu moyoni. "Hapa tunachapa tu."

Wiki iliyofuata Profesa akapita tena. Hakuwa na karatasi. Akavuta benchi, akavua miwani.

"Leo ni kijana wa mchwa," akasema. "Uko tayari?"