Mhakiki Aliyetoka Kwenye Kufuli

Mtaani walimwita Nadharia, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, atakujibu kwamba inategemea anayeuliza amesimama wapi. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na tisa, mwembamba, na mashati yake yote yalishonwa na mkewe kwa vitambaa vilivyobaki vya wateja, hivyo mgongo ulikuwa wa rangi moja na mikono ya rangi nyingine. Kwa riziki alifundisha tuisheni wanafunzi wachache wa jirani. Lakini kazi yake hasa, ile iliyomwamsha kila siku, ilikuwa kujiandaa kwa mtihani.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa ushindani: fasihi ya Kiingereza na nadharia za uhakiki. Watu waliufanya kwa mamia kila mwaka, wakigombea viti vichache vya uhadhiri, na Nadharia alikuwa ameufanya mara nyingi hata msimamizi wa chumba alikuwa akimwuliza habari za nyumbani. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho. Aliyetimiza arobaini haruhusiwi tena, na arobaini ilikuwa inabisha hodi. Akikosa safari hii, basi, atabaki Nadharia wa mtaani mpaka azikwe.

Alisomea kwenye meza ya mkewe ya kukatia nguo, kwa sababu nyumbani hakukuwa na nyingine. Upande mmoja mkasi, chaki na futi ya kamba. Upande wa pili umuundo, ufeministi na mashairi ya Waingereza wa zamani. Mpaka kati yao haukuheshimiwa. Siku moja mke alikata kola kwa kufuata mchoro uliokuwa wa nadharia ya umaumbo, na ikabidi mwenye gauni apewe kola mbili kwa bei ya moja. Mteja mwingine alirudi akilalamika kwamba kwenye pindo lake mna kipande cha karatasi kimeandikwa "Jadili".

"Nani kamaliza sukari?" mke aliuliza asubuhi moja.

"Swali hilo linachukulia kwamba sukari ilikuwepo."

"Ilikuwepo."

"Kwa mtazamo wako."

"Sawa. Kwa mtazamo wangu, sukari haipo, na wewe chai huna."

Hivyo ndivyo walivyoishi, na walipendana, msidhani vingine. Mke alikuwa amechoka tu, kama anavyochoka mtu aliyemsubiri mwenzake nje ya mlango mwaka baada ya mwaka na mwenzake kila mara anatoka na kusema bado kidogo.

Sasa, miaka mingi kabla ya hapo Nadharia alikuwa ameandika muhtasari wake mwenyewe wa nadharia zote, kijitabu kizuri kwa kweli, na alikuwa akiupeleka kwa mwenye fotokopi wa njia panda utolewe nakala za wanafunzi wake. Siku moja akamwona mtu asiyemjua kabisa, amekaa kibarazani, anausoma. Kesho yake akaona mwingine. Mwenye fotokopi alikuwa akitoa nakala za Nadharia, kisha anatoa za kwake, anaziuza. Kumshtaki bila ushahidi haiwezekani. Ndipo Nadharia akapata wazo ambalo lingempata mtu wa aina yake tu: akaamua kumtega kwa mhakiki.

Kwenye mlango wa nyuma palikuwa na kufuli kuukuu lililochongwa neno Grubelholt kwa herufi za kizamani. Nadharia akalichukua jina hilo, akalivika uprofesa, akaliweka katikati ya wahakiki wa kweli. Akampa na nadharia, Nadharia ya Kiti Kitupu: kwamba kila kazi ya fasihi imeacha kiti kimoja kwa ajili ya msomaji ambaye hatakuja kamwe, na maana yote inakizunguka kiti hicho. Aliitunga akiwa anakitazama kiti cha wateja wa mkewe, siku ambayo hakuja mteja hata mmoja. Yeyote asiye mwanafunzi wangu atakayekutwa na Grubelholt, akajiambia, atakuwa kamnunua kwa mwenye fotokopi. Za mwizi arobaini.

Mtego ulinasa wiki ileile. Nadharia akaenda njia panda na ushahidi mkononi.

"Mwalimu," mwenye fotokopi akasema, huku mashine ikiendelea kutema karatasi, "si umeandika mwenyewe humu? Mwandishi akishaandika, maandishi si yake tena. Ni hapa, angalia, umepigia na mstari."

Nadharia akaangalia. Alikuwa ameandika, na mstari alikuwa ameupiga. Akarudi nyumbani.

Lakini wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Muhtasari ulisambaa. Wenye tuisheni za mitaa mingine waliunakili, na kila aliyenakili aliona aibu kuonekana hana jipya, akamwongezea Grubelholt kidogo. Mmoja akampa mahali pa kuzaliwa. Mwingine akasema aligombana na kaka yake, na ndiyo maana kiti ni kitupu. Waliofaulu mitihani wakawa wahadhiri, wakaenda naye vyuoni. Miaka ikapita. Nadharia alisikia mambo haya mojamoja, akacheka, kisha akaacha kucheka, kisha akajitia hamnazo.

Siku ya mtihani wa mwisho alifungua karatasi na kukuta, katikati ya maswali ya kuchagua, swali hili: nani kati ya wafuatao ni mwasisi wa Nadharia ya Kiti Kitupu? Majina yalikuwa manne. Matatu yalikuwa ya watu waliozaliwa, wakasoma, wakafa kihalali. La nne lilikuwa la kufuli la mlangoni kwake. Aliinua mkono, na msimamizi akaja, akamwuliza habari za nyumbani. Nadharia akasema nzuri, akaushusha. Jibu sahihi alilijua kuliko mtu yeyote duniani, na halikuwa sahihi. Akaweka alama kwa Grubelholt. Matokeo yalipotoka, alikuwa amevuka kwa alama moja, na ameitwa kwenye usaili.

"Wakiniuliza habari zake nitasema kweli," alimwambia mkewe, aliyekuwa akimpimia koti la usaili, pini mdomoni.

Mke akazitoa pini. "Mume wangu, sikukatazi. Lakini kweli umeisema miaka yote, na bado uko kwenye meza yangu."

Chumba cha usaili kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji na wasaili watatu. Mwenyekiti alikuwa profesa, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba na sauti ya upole. Kulia kwake alikaa bwana mfupi mwenye tai pana, na kushoto bwana mwingine aliyekuwa akiandika tangu kabla hawajaanza. Waliuliza habari za riwaya, akajibu. Waliuliza habari za umbo la shairi, akajibu vizuri hata bwana mfupi akajiegemeza. Ndipo mwenyekiti akatabasamu.

"Tueleze mchango wa Grubelholt."

Nadharia akapiga moyo konde. "Mheshimiwa mwenyekiti, huyo mtu hayupo."

"Tunajua. Mungu amrehemu."

"Sivyo, mama. Hakuwahi kuwepo. Nilimtunga mimi, kwenye muhtasari wangu, ili nimkamate mtu wa fotokopi. Jina nililitoa kwenye kufuli."

Hakuna aliyecheka. Bwana anayeandika aliacha kuandika.

"Una ushahidi gani?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi ndiye ushahidi."

"Mwandishi hawezi kuwa shahidi wa maandishi yake mwenyewe. Hilo tunawafundisha mwaka wa kwanza." Alisema kwa upole uleule, lakini alikuwa amevua miwani. "Tasnifu yangu ya udaktari ni ya Grubelholt. Nimempa miaka yangu mizuri."

Nadharia akamtazama yule mama, na moyo ukamwuma kweli. Hakuwahi kufikiri kwamba mzaha wake ungekaa mahali fulani na kula umri wa mtu. Ndipo bwana mfupi akakohoa, akaitengeneza tai yake.

"Samahani. Msimamo huo wa kwamba hakuwepo, ni wa shule gani ya nadharia?"

Kwa swali hilo mlango ulikuwa umefunguliwa, na Nadharia aliuona. Angeweza kusema si shule, ni kweli tupu, kisha aondoke na arobaini yake. Aliifikiria meza ya kukatia. Alimfikiria mkewe na pini zake mdomoni.

"Ni shule ya Ukanushi," akasema.

"Ahaa," bwana mfupi akasema.

"Na mwasisi wake?" mwenyekiti akauliza, akiirudisha miwani usoni.

"Ni mimi."

Bwana wa kushoto akaanza kuandika tena, kwa kasi. Mwenyekiti alishusha pumzi ndefu, akasema kwamba taaluma haiwezi kukua bila wakanushaji, na kwamba kwa muda mrefu Grubelholt alikuwa akikosa mpinzani wa kiwango chake. Wakampongeza kwa kumshika mkono wote watatu.

Alipofika nyumbani mkewe hakuinuka kwenye cherehani, aliogopa.

"Nimepata," Nadharia akasema.

Mke akaiacha nguo katikati ya mshono, akaja akamkumbatia, akalia kwa furaha mpaka koti likalowa bega. Kisha akamtazama. "Mbona uso huo? Hukusema kweli?"

"Nilisema. Wakaniuliza ni shule gani."

"Wewe ukasemaje?"

"Nikaitaja."

Mke akamvutia kiti. "Basi kaa ule," akasema. Nadharia akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu waoane meza yote ilikuwa ya mkewe, na yeye hakujua aweke wapi mikono.

Chuoni alipangiwa somo la Grubelholt, muhula mzima: nusu ya kwanza Grubelholt mwenyewe, nusu ya pili Ukanushi. Aliingia darasani na kukuta wanafunzi wamejaa mpaka dirishani, kalamu tayari. Alifundisha wiki ya kwanza akiwa na aibu, ya pili akiwa na aibu zaidi. Wiki ya tatu, binti mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nimemtafuta huyu maktaba nzima. Watu wengi wamemwandika, ila yeye mwenyewe hana hata kitabu kimoja. Kweli alikuwepo?"

Nadharia aliweka chaki mezani. Karibu alie, kwa jinsi alivyolisubiri swali hilo kutoka kwa mtu yeyote mwenye akili timamu. Akawaambia yote bila kuficha: muhtasari, mwenye fotokopi, kufuli, mtihani, usaili, na jinsi alivyopewa nafasi ya kusimama na kweli akaikwepa kwa sababu alitaka kazi. Akasema Grubelholt hakuzaliwa popote, na Ukanushi si shule, ni mtu aliyeogopa kufikisha arobaini. Akasema hili ndilo jambo la maana kuliko yote atakayowafundisha. Kalamu zilikuwa zikikimbia kwenye karatasi zote.

Kijana wa mbele akainua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Hili litatoka kwenye mtihani?"

Nadharia akawatazama, akamtazama na yule binti, ambaye naye alikuwa akilisubiri jibu.

"Halitatoka," akasema.

Wakaweka kalamu chini, wote, wakamsubiri kwa adabu amalize.