Kichaa cha Baridi

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka kwenye mashamba ya mkonge chini ya Moshi. Sadallah anamfuta ngamia mdomo kwa kipande cha gunia, kama mama anayemwandaa mtoto kwenda misa. Ngamia anasaga meno, anatoa povu jingine.

"Tulia, bwana harusi," anamwambia. "Primus akikukuta hivi, tumekwisha."

Ngamia huyu, Jamadari, ndiye anayeibebea maji kambi nzima ya wakata mkonge. Primus ni nyapara, na ana amri ya meneja: ngamia yeyote atakayetoa povu apigwe risasi.

Amri hiyo ilizaliwa na mzaha. Baridi ya mwaka jana ngamia wa kwanza wa Sadallah, Sultani, alisusa kula, akatoa povu, akaning'iniza mdomoni kifuko chekundu ambacho vibarua waliapa kuwa ni pafu. Primus akauliza ana nini. Sadallah, mtu wa utani, akajibu kwamba ana kichaa, akimaanisha anataka jike. Lakini kwao Primus, Kirua Vunjo, kichaa cha mnyama ni kimoja tu: cha mbwa. Akakimbia kwa meneja. Bunduki ikafika kabla ya ufafanuzi.

Bwana mifugo alipeleka kichwa na damu vikapimwe. Majibu yalirudi ngozi ya Sultani imeshakauka: hakuna kichaa. Akaeleza kwamba baridi ikiingia, vichocheo vya kiume hupanda katika damu ya dume, naye hutoa povu na kifuko cha kumvutia jike; hata chumvi na mafuta ya damu hiyo hubadilika. Joto likirudi, damu hutulia.

"Nami nilisema hayo hayo," anasema Sadallah, "ila kwa kifupi mno." Hacheki.

Meneja hakufuta amri. Vibarua wanayakataa maji ya ngamia mwenye povu, na lori la kubebea maji, anasema, halisagi meno. Mwantumu, mkewe Sadallah, alishauri Jamadari auzwe mnadani Bomang'ombe. Lakini alivyokonda, hata wauza supu watampa pole tu.

Primus anatokea kwenye ukungu.

"Shikamoo, mzee Sadallah. Mbona mikono ina povu la sabuni?"

"Marahaba. Nafua gunia."

Nyapara anamtazama ngamia, kisha gunia. "Baridi bado ndefu, mzee," anasema, na kwenda zake.

Sadallah anaukodolea macho mlima usioonekana. Mpango wake ni mmoja: kufuta mpaka joto lirudi.

Nyuma yake meno yanasagika. Anageuza gunia upande wa pili. Nao umeshalowa.